Nati ya Gurudumu la Kushoto

Luhaga aliiona ile pini wakati anakusanya spana zake. Ilikuwa juu ya kifuniko cha boksi, peke yake, mahali palepale alipoziweka mbili alfajiri ili zisipotelee mchangani. Kwanza aliitazama bila kuielewa. Halafu akahesabu. Pini moja iliingia gurudumu la kulia, hiyo aliikumbuka vizuri, aliikunja mwenyewe kwa koleo. Hii ilikuwa ya kushoto, na pini huingia nati ikishakazwa kwa spana, ili isijifungue. Na kama pini ya kushoto iko hapa kwenye boksi, basi nati ya kushoto imefungwa kwa vidole tu, na haisi ya dereva Sylvester, lile basi dogo, imeshaondoka. Iko njiani kwenda Nkoma. Ndani yake yumo mkewe Flora, na mtoto wao Joyness mgongoni kwa mama yake, na kwenye kiti cha mbele, juu kabisa ya gurudumu hilohilo, amekaa mama mkwe.

"Mungu wangu," alisema. Gereji ilikuwa tupu, hakuna aliyemsikia.

Wako watu Bariadi mpaka leo wanaosema ulikuwa uzembe. Wanasema hivyo kwa sababu hawamjui Luhaga, na mtu asiyejua huwa hakosi la kusema. Uzembe ungekuwa afadhali. Mzembe unamfukuza kazi, mambo yakaisha. Luhaga hakuwa mzembe hata siku moja, na hilo ndilo linalouma.

Alikuwa fundi wa miguu ya magari, na hakutaka kuwa fundi wa kitu kingine. Ukimletea injini atakuelekeza kwa jirani. Lakini gari likigonga chini, likivuta upande mmoja, likila tairi kwa ndani, watu wote wa Somanda walijua pa kulipeleka. Alikuwa na namna yake ya kulipima. Anamwambia dereva azime redio, analiinua gurudumu kwa jeki, analishika juu na chini, analitikisa polepole huku amefumba macho. Akifumbua, anakwambia kilichoisha. Mara nyingi ni bolijointi, kile kifundo cha chuma kinachounganisha gurudumu na mkono wake, kinachogeuka ndani ya kikombe kama nyonga ya mtu. Barabara zetu za mkoa huu zina matuta madogomadogo ya kutingisha meno, basi bolijointi haziishi muda. Kifundo kinalegea kikombeni, gari linaanza kugonga, na dereva badala ya kwenda gereji anaongeza sauti ya redio.

Tena wengine wana ujanja wao, na ujanja huo ulikuwa unampandisha Luhaga hasira kuliko kitu chochote. Mpira unaofunika bolijointi ukipasuka, dereva anachukua pamba, maana huku pamba hatuikosi, anailoweka kwenye mafuta ya mbegu zake, anaishindilia ndani ya ule mpira. Kugonga kunanyamaza, gari linakuwa pole, linauzika hata. Kumbe ile pamba inanyonya grisi yote na kushika vumbi, na chuma kinasagika kimyakimya. "Gari linalogonga linakuambia ukweli," Luhaga alikuwa akiwagombeza. "Nyie mnaliziba mdomo!"

Haisi ya Sylvester ilizibwa mdomo namna hiyohiyo. Aligundua Luhaga mwenyewe, siku moja kabla ya safari, alipokwenda kuliangalia gari litakalobeba ukoo wa mkewe. Shemeji yake Gloria alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza huko Nkoma, na Jumapili mtoto alikuwa anabatizwa. Kina mama wote wa upande wa Flora walikuwa wanakwenda, wamevaa vitenge vya sare. Luhaga alilitikisa gurudumu, akafumbua macho, akamwambia Sylvester, "Gari hili haliendi popote mpaka nibadilishe bolijointi zote mbili za chini."

"Fundi, mbona limetulia tu?"

"Ndiyo maana naogopa."

Kwa hiyo ni yeye aliyelizuia gari lisiondoke bovu. Ni yeye aliyeamka gizani kwenda kulitengeneza. Hayo watu hawayasemi.

Sasa kuhusu mama mkwe. Mama Milembe alikuwa anakaa Sapiwi, mjane, mwembamba, mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa. Siku hizi vijana wa mjini wamelegeza mambo. Utawakuta wamekumbatiana na mama mkwe wanapiga picha, wanacheka. Luhaga hakulelewa hivyo, na Mama Milembe hakulelewa hivyo. Kwao mkwe wa kiume hamshiki mkono mama wa mkewe, hali chakula mbele yake, hakai mkeka mmoja naye. Akikutana naye njiani anakaa kando, anachuchumaa, anamwamkia huku anaangalia chini. Mama naye anavuta khanga usoni, anaitikia, anapita. Hata wakiwa chumba kimoja walikuwa wanazungumza kupitia kwa Flora. Mama atasema, "Mwambie mumeo maziwa yapo," na mume mwenyewe yuko hapo anasikia. Flora alikuwa anacheka mpaka machozi.

Ila usidhani hawakupendana. Mama akivuna viazi na kuvikata vipande kuvianika, michembe ya kwanza kukauka ilikuwa ya Luhaga, inatumwa mjini imefungwa vizuri. Na Luhaga alikuwa anavizia siku mama ameenda mnadani ndipo anafika Sapiwi kumtengenezea mlango au kuziba bati linalovuja, kisha anaondoka kabla hajarudi. Waliheshimiana kwa kukwepana, na kila mmoja alimsifu mwenzake kwa watu.

Asubuhi ile Luhaga alimaliza upande wa kulia. Aliikaza nati kwa spana ndefu mpaka mkono ukatetemeka, akapitisha pini, akaikunja. Akahamia kushoto. Bolijointi ya zamani ilimtoa jasho. Aliigonga kwa nyundo kubavuni mpaka ikaachia, ikatoka na pamba yake nyeusi imeganda kama kinyesi cha mbuzi. Jua lilikuwa limeshachomoza na joto limeanza. Akavua shati, akapandisha suruali, akajilaza chali chini ya gari miguu imetawanyika nje. Akaiingiza bolijointi mpya, akazikaza boliti zake kwenye mkono wa chini, akaizungusha nati ya juu, ile inayofungiwa pini, kwa vidole mpaka ikagoma. Akanyoosha mkono kutafuta spana.

"Hodi humu!"

Aliijua sauti ile. Kina mama walikuwa wamewahi kuliko walivyosema, na Mama Milembe alikuwa ametangulia. Na Luhaga yuko chini ya gari, kifua wazi, kitovu nje, mapaja nje, mama mkwe amesimama karibu na nyayo zake.

Hakufikiri. Alijiviringisha akatokea upande wa pili, akainama, akakimbia nyuma ya banda la spea na shati mkononi. Huko alivaa, akanawa uso, akabaki hukohuko kwa aibu. Ameona? Ameona kiasi gani? Alijiuliza hayo, na kwa muda huo wote nati haikumjia kichwani hata kidogo.

Sylvester naye alikuwa na haraka zake. Aliona fundi ametoka chini, akaona bolijointi mpya inang'aa mahali pake, akajua kazi imekwisha. Akapachika gurudumu, akashusha jeki. Kisha kwa heshima yote akamfungulia Mama Milembe mlango wa mbele, akampandisha kiti cha mgeni. Na haisi ndivyo zilivyo: anayekaa mbele anakalia gurudumu.

Luhaga alipojitokeza alikuta gari liko chini, limejaa. Akachuchumaa mbali kidogo, akamwamkia mama kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba," Mama Milembe alikiambia kioo cha mbele.

"Vipi fundi, tayari?" Sylvester aliuliza, ameshashika usukani.

Luhaga aliuuliza mkono wake: nimekaza au sijakaza? Mkono ukajibu kwamba umekaza, na kweli ulikuwa umekaza, ila gurudumu la kulia. Lakini kuna kitu kilikuwa kinamwasha. Alisogea, akapiga goti karibu na gurudumu la kushoto, akachungulia. Hakuona kitu, tairi lilikuwa limeziba. Kuona ni mpaka alale chali aingie chini. Na juu yake, pamoja na kitenge chake na viatu vyake vya kanisani, amekaa mama wa mkewe. Alinyanyuka. Akapiga goti tena, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Akanyanyuka tena.

Utasema angemwomba tu ashuke. Amwombe nani? Flora alikuwa ameenda dukani kununua maji ya njiani, na bila Flora hapakuwa na mtu wa kupitisha neno kimyakimya. Amwinue mama mkwe kwenye kiti cha heshima, mbele ya ukoo wake, halafu alale chali chini yake? Wangeongea mwaka mzima. Wangecheka. Mama mwenyewe angekufa kwa aibu. Ndivyo alivyofikiri, nami siwezi kumcheka, maana najua wanaume wengi wa huku ambao wangefikiri hivyohivyo.

"Tayari," alisema.

Flora akarudi mbio na chupa za maji, akapanda. Kina mama wakaanzisha wimbo kabla gari halijafika barabarani.

Sasa alikuwa amesimama na pini mkononi na wimbo ule bado uko masikioni.

Alimpigia Sylvester. Hapatikani. Akampigia Flora, simu ikaitia palepale gerejini, ndani ya banda, kwenye waya wa chaji ambapo Flora aliisahau. Luhaga alitukana, tusi ambalo hakuwahi kulitamka. Akazunguka gereji bila kujua anatafuta nini. Mama Milembe alikuwa na simu ndogo ya kubonyeza, lakini Luhaga hakuwa na namba yake. Tangu aoe hakuwahi kuihitaji. Mkwe anampigia mama mkwe ili amwambie nini?

Akampigia shemeji yake Ngeleja, aliyekuwa shambani. "Nipe namba ya mama."

"Namba ya mama? Ya kazi gani?"

"Nipe, Ngeleja! Nipe, watakufa!"

Ngeleja akamtajia huku anauliza nani atakufa. Luhaga alikata, akapiga. Ikaita. Ikaita. Ikapokewa, na nyuma yake kina mama wanaimba kwa sauti zote na vigelegele.

"Haloo?"

Alitaka kupiga kelele, simameni, shukeni, simameni hapohapo. Na mdomo wake, mdomo uliofundishwa tangu utoto, ukasema, "Mwangaluka, mayu."

"Nani?"

"Luhaga. Baba Joyness. Mayu, mwambie Sylvester..."

Upande wa pili wimbo uliendelea. Kisha ile sauti ndogo, kwa haraka, kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto: "Subiri, nakupa mwenzio."

"Hapana, mayu, usimpe! Nisikilize wewe! Mayu!"

Alisikia simu inapita mkono hadi mkono kwenda nyuma kwa Flora, akasikia watu wanacheka, halafu mtandao ukakata. Alipiga tena. Hapatikani. Akapiga tena na tena huku anakimbia kuelekea barabarani, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, mtu mzima na nguo zake za kazi.

Mabula wa bodaboda alikuwa kijiweni anafuta tanki la pikipiki yake. "Oya fundi, vipi tena?"

"Nkoma. Haisi ya Sylvester. Ikamate."

"Imetoka kitambo ile."

"Ikamate, Mabula, gurudumu linachomoka, Flora yumo!"

Mabula akawasha pikipiki. Walitoka mjini kwa mwendo ambao Luhaga siku nyingine angeshuka. Lami iliisha, ikaja barabara ya vumbi, na vile vituta vidogovidogo vikaanza. Kila pikipiki ilipotingishika, Luhaga aliiona ile nati akilini. Tundu la chuma cha gurudumu lina umbo la kubana, na mkia wa bolijointi ukikaa humo hushika kidogo hata bila kukazwa. Hushika kwenye lami. Kwenye vumbi, gurudumu linaporuka na kutua, linaruka na kutua, ule mkia unaachia, na nati inaanza kujizungusha kurudi nyuma, uzi baada ya uzi. Wengine wasiojua kitu hupata bahati ya kutumaini. Yeye alijua, na kujua kulimtesa.

Alianza kumwahidi Mungu vitu. Aliahidi ataacha bia, ataenda sala za jumuiya kila wiki, atamtunza mama mkwe mpaka kaburini. Halafu akaona haya kwa kumfanyia Mungu biashara, akanyamaza, akawa anasema jina la mtoto tu. Joyness. Joyness.

Walimkuta mtu anaendesha mkokoteni wa punda uliosheheni magunia ya pamba. Mabula alipunguza. "Mzee, haisi nyeupe?"

"Imepita. Wanaimba kweli hao!"

Wanaimba. Luhaga aliishika habari hiyo kwa mikono miwili. Mbele zaidi, kwenye ghala la chama cha ushirika, wapima pamba nao walisema imepita, kina mama wanapunga vitambaa. Aliomba waendelee kuimba. Yeye aliyewagombeza madereva maisha yake yote kwa kuzima kelele za gari, sasa alikuwa anatamani kelele tu, za aina yoyote, zitoke mbele.

Waliteremka bonde dogo, wakapanda, na kule juu wakalikuta kundi la ng'ombe limetanda barabara nzima, na vumbi lake limesimama hewani. Mchungaji alikuwa anakimbia kuelekea mbele, ameacha ng'ombe wake. Hapakuwa na wimbo.

"Mabula."

"Naona, fundi."

Kwenye mchanga palikuwa na alama ya tairi iliyokwenda vizuri, kisha ikaanza kuyumba, kisha pakawa na mfereji uliochimbwa na chuma kitupu. Mfereji uliondoka barabarani ukaelekea kwenye kalavati.

Haisi ilikuwa imelalia ubavu wa kushoto kwenye mtaro, gurudumu la mbele limejikunja chini yake. Kina mama walikuwa wametoka. Wengine walikuwa wamekaa chini wanalia, wengine wanatafuta viatu. Flora alikuwa amesimama katikati ya barabara, damu inamtoka kwenye paji la uso, Joyness mkononi analia kwa nguvu. Luhaga hakuwahi kusikia kilio kitamu namna ile. Aliwashika wote wawili, akawapapasa vichwa, mikono, miguu, kama anapima kitu kilicholegea.

"Baba Joyness, umefikaje? Nani amekuambia?"

Sylvester alikuwa amekaa kwenye udongo ameshika mkono wake wa kulia uliokuwa umepinda. "Fundi, nilikuwa napunguza kwa ajili ya ng'ombe. Polepole kabisa! Gurudumu likajikunja lenyewe! Lenyewe!"

"Si lenyewe," Luhaga alisema, na alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Sikuikaza nati. Ni mimi." Kisha akatazama huku na huku. "Mama yuko wapi?"

Flora aligeuza macho kwenye gari. "Mguu wake umebanwa kule mbele. Tumemvuta tumeshindwa, anaumia."

Mchungaji alikuwa mzee, Sylvester mkono umevunjika, na Mabula ndio kwanza anaegesha pikipiki. Luhaga alichomoa jeki ya gari nyuma ya kiti, akapanda kwa mlango wa dereva uliokuwa juu, akashuka ndani.

Mama Milembe alikuwa amejikunja kwenye kona ya chini, kilemba kimetoka, mvi zake wazi. Alipomwona alitafuta khanga ajifunike uso. Khanga ilikuwa imebanwa pamoja na mguu. Akajifunika kwa kiganja.

"Aje mwingine," alisema.

"Hakuna mwingine, mayu. Nisamehe. Nitakushika."

Mama akageuza uso kwenye bati. Luhaga alilala. Alilala chali miguuni mwa mama mkwe, kwenye vioo na mafuta yaliyomwagika, kichwa chini ya magoti yake, akaiweka jeki kati ya sakafu na lile bati lililoinama, akaanza kuipiga taratibu. Aliona kifundo cha mguu kilichopondeka, aliona kiatu cha kanisani kimejaa damu. Bati lilipoinuka mama aliuma kitambaa asipige ukunga. Luhaga akautoa mguu kwa mikono yote miwili, akaufunga kwa ile khanga, akamnyanyua mama wa mkewe kifuani kwake na kumpitisha juu kwa Mabula na kina mama. Hakuna aliyecheka.

Mguu ule haukuweza kuning'inizwa kwenye pikipiki. Mabula akaondoka mbio kutafuta gari, na mchungaji akaonyesha kwa fimbo upande wa zahanati, akisema si mbali. Kwa watu wa huku kila mahali si mbali. Damu haikuwa imekatika, na kukaa kungoja hakukuwezekana. Luhaga alichuchumaa, vilevile alivyokuwa akichuchumaa miaka yote kumwamkia, ila safari hii akampa mgongo. Flora alimpandisha mama yake. Wakaanza kutembea. Flora alibaki nyuma hatua chache na mtoto, kwa sababu kizunguzungu kilimlazimisha kusimama kila mara.

Mama Milembe alikuwa mwepesi mno, na hilo lilimuumiza Luhaga zaidi. Alitaka kuomba radhi, akaona hakuna maneno ya kutosha. Alitaka kumwambia kwa nini. Akaona akisema kwa nini, itakuwa kama anamtupia yeye, kwamba kama usingekaa pale, mayu, ningeingia chini. Basi akabeba tu, jasho linamwingia machoni.

"Baba."

Sauti ilitoka karibu kabisa na sikio lake. Haikupitia kwa mtu.

"Naam, mayu. Usiongee, utachoka."

"Nilikuona."

Luhaga alijua anasema habari za kifua wazi na mapaja nje. Aibu ikamrudia upya, palepale, pamoja na yote. "Nisamehe, mayu. Sikujua mmeshafika."

"Si hayo." Mama Milembe alivuta pumzi, maumivu yakampita, akaendelea. "Ulipiga goti. Ukachungulia chini yangu, ukainuka. Ukapiga goti tena. Kiatu chako hakikuwa na kamba. Nikajua kuna kitu hujakimaliza."

Luhaga alikaza mikono yake chini ya magoti ya mama.

"Nikataka kushuka," mama alisema. "Nilishashika mpaka kitasa cha mlango. Halafu nikajiambia, nikishuka mkwe wangu atajua kwamba nilikuwa namwangalia."

Akalaza shavu lake kwenye bega la mkwewe na kuanza kulia, kwa ile sauti yake ndogo. Luhaga alimpandisha vizuri mgongoni akaendelea kutembea, maana paa la zahanati lilikuwa bado halijaonekana.